Somo: Kupima utendaji wa jeni kwa maikroarei ya DNA

Maikroarei ni slaidi yenye maelfu ya madoa ya DNA, kila doa la jeni moja, inayoonyesha jeni zipi zinafanya kazi na kwa kiasi gani. Tutafanya kwa hamira. Mwaka 1997 Joseph DeRisi, Vishwanath Iyer na Patrick Brown wa Stanford walifuatilia karibu jeni zote za hamira, zaidi ya 6,000, ilipoishiwa glukosi na kuanza kutumia ethanoli iliyoitengeneza yenyewe.

1. Vuna seli za aina mbili: zenye glukosi tele (kigezo cha kulinganishia) na zilizoishiwa. Zigandishe papo hapo. Ukichelewa, utapima mshtuko wa kuvunwa.

2. Toa RNA, yaani nakala ambazo jeni hutoa zinapofanya kazi. Majaribio mengi hufia hapa. Vimeng'enya vinavyoikata vimo hata kwenye ngozi yako, kwa hiyo vaa glovu na ubadilishe mara kwa mara. Ipitishe kwanza kwenye jeli: mistari miwili ya RNA ya ribosomu ikiwa imetawanyika kama ukungu, mwaga, anza upya. Hakuna hesabu itakayoiokoa baadaye.

3. Inakili iwe cDNA (nakala ya DNA ya RNA hiyo) yenye rangi: Cy3 ya kijani kwa kigezo, Cy5 nyekundu kwa seli zilizoishiwa.

4. Changanya zote mbili, weka juu ya slaidi, acha usiku kucha kwenye nyuzi 65 hivi. Kila doa lina DNA ya jeni moja, na cDNA hunasa kwenye doa linalolingana nayo. Osha, kausha, soma kwa leza.

5. Gawanya nyekundu kwa kijani, kisha chukua logi ya kizio 2. Jeni iliyopanda mara nne inapata 2, iliyoshuka mara nne inapata -2. Bila logi, zote zilizoshuka zinabanana kati ya 0 na 1.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, doa la njano ni jeni iliyolala?*
Hapana. Njano ni nyekundu na kijani kwa kiasi sawa: jeni hiyo inafanya kazi sawa pande zote mbili, pengine kwa nguvu sana. Iliyolala haing'ai.

*Slaidi yangu yote imeelemea wekundu.*
Rangi hizi haziingii kwenye cDNA kwa kiwango kimoja. Sawazisha kwa programu, kisha rudia ukibadilishana rangi. Iamini jeni inayopanda mara zote mbili.

*Nina jeni 300 zenye p chini ya 0.05. Niandike ripoti?*
Bado, ndugu yangu. Hiyo p ni uwezekano wa kuona tofauti kubwa hivyo kwa bahati tu. Ukipima jeni 6,000, bahati peke yake inaweza kukupa 300. Rekebisha kwa njia ya Benjamini na Hochberg, inayodhibiti sehemu ya majibu ya uongo kwenye orodha yako, na utumie hamira zilizokuzwa kwenye chupa tatu tofauti, si slaidi tatu za chupa moja.