SOMO: Kubonyeza na kukanda kichwa mwenyewe nywele zinaponyonyoka (soma yote ndipo uulize)

Mwangaluka, ndugu zangu.

Tangu nywele zangu za panja zirudi, kila anayekaa kwenye kiti hapa saluni kwangu Kirumba ananiuliza nilifanyaje. Wiki hii pekee nimeeleza mara tisa, tena mara mbili nikiwa katikati ya kusuka. Naandika mara moja. Atakayeniuliza tena nitamtumia hili.

Akupresha ni tiba ya asili ya Wachina: unabonyeza vituo maalumu vya mwili kwa vidole, hakuna sindano. Mimi nabonyeza vituo vya kichwani, kisha nakanda ngozi yote ya kichwa. Mahali ambapo mzizi umeshakufa, hakitaota kitu. Kuna utafiti mdogo wa Japani wa mwaka 2016: wanaume 9 walikandwa kichwa dakika 4 kila siku kwa wiki 24, na nywele zao zikaongezeka unene. Nimesema unene, sikusema wingi. Na ulihusu kukanda tu, si vituo vya Kichina. Mwanangu wa kike nisingemwambia zaidi ya hapo, na nyinyi siwaambii zaidi.

Tena, jua kwanza kama zinanyonyoka au zinakatika. Chukua unywele ulioanguka uutazame kwenye mwanga. Ukiwa na kitone cheupe mwishoni, umetoka na mzizi wake. Usipokuwa nacho, umekatika njiani, na wa kuulizwa ni dawa ya kulainisha, pasi au kitana chako. Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida.

Hatua ya 1. Kata kucha, nawa mikono.

Hatua ya 2. Fumua. Rasta zilizobana ndizo zilizonila panja, na huwezi kutibu huku chanzo kikiendelea kuvuta. Ukikanda bila kufumua unajichosha.

Hatua ya 3. Kaa, viwiko juu ya meza, mabega yashuke. Mafuta si lazima.

Hatua ya 4, utosi. Weka vidole gumba kwenye ncha za juu za masikio, kisha nyoosha vidole vya kati juu hadi vikutane katikati ya kichwa. Hapo ndipo Baihui. Bonyeza wima kwa sekunde 30, achia, rudia mara tatu. Kisha pima upana wa kidole gumba chako mbele yake, nyuma, kulia na kushoto, ubonyeze kila kimoja. Hivyo vinne vinaitwa Sishencong.

Hatua ya 5, kisogo. Chini ya mfupa wa kisogo kuna vishimo viwili, kimoja kila upande wa misuli ya shingo. Ni Fengchi. Vidole gumba viingie humo, ubonyeze kuelekea juu huku ukipumua taratibu. Usije mbele ya shingo! Pale pembeni ya koo kuna mishipa mikubwa ya damu, na kuibonyeza kunaweza kukuangusha.

Hatua ya 6, panja. Kishimo kati ya mwisho wa nyusi na kona ya jicho. Kwa wepesi, kama unagusa kope za mtoto.

Hatua ya 7, kukanda. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo soma polepole. Nilidhani kukanda ni kusugua. Nikapaka mafuta ya nyonyo, nikawa natelezesha vidole mbele na nyuma kwa nguvu, dakika ishirini asubuhi na ishirini usiku, nikiamini kwamba nikizidisha nitaharakisha. Siku ya kumi vile vinywele vilivyokuwa vimeanza kuchipua kwenye panja vilikuwa vimekatika vyote, ngozi inawaka, na nyuma ya sikio la kushoto kumetoka vipele vya usaha. Nililia. Nikakaa mwezi mzima bila kugusa kichwa, na kwa kuwa nywele hukua kama sentimita moja tu kwa mwezi, nilianza kusubiri upya.

Njia yenyewe ni hii. Tandaza vidole vyote kumi kama unashika tikiti. Nyama za ncha za vidole zigande kwenye ngozi, zisiteleze. Sasa sogeza ngozi juu ya fuvu, miduara midogo kumi. Inua vidole, hamia sehemu nyingine, usiburuze. Ukisikia nywele zinakwaruzana, umekosea. Ukiona ngozi ya paji la uso inacheza, umepatia. Anzia kisogoni, malizia mbele, jumla dakika nne au tano. Mafuta yakizidi vidole vinateleza, ndiyo maana nimesema si lazima.

Usifanye kabisa kama kichwa kina vidonda, usaha, magamba yenye unyevu, au umeshonwa.

Hatua ya 8. Kila siku, muda uleule. Piga picha leo, nyingine baada ya miezi mitatu, mwanga uleule. Kioo cha kila asubuhi kitakuvunja moyo bure.

MASWALI

Totoz wa Buzuruga: Dada nipake mafuta gani na nikande dakika ngapi?

Msusi wa Kirumba: Hatua ya 3 na ya 7.

Totoz wa Buzuruga: Sijaziona, niambie tu kwa kifupi.

Msusi wa Kirumba: Ziko hapo juu, mdogo wangu. Rudi usome.

Mama Pacha: Dada yangu, mwanangu wa darasa la pili ana mapunye, pameachia duara mbili. Nimkande pembeni pembeni?

Msusi wa Kirumba: Hapana, mama, usimguse kwa hili somo. Mapunye ni fangasi, na vidole vyako vitayasambaza hadi kwa mwenzake. Huwa yanahitaji dawa ya kumeza ya kuandikiwa, ya kupaka peke yake mara nyingi haitoshi. Mpeleke kituo cha afya, na kuanzia leo kitana, kofia na taulo viwe vyake mwenyewe. Asante kwa kuuliza kabla ya kufanya.

Kaka Nyegezi: Mkuu, hii si njia ya kuvuta wateja tu? Kubonyeza utosi kunahusiana nini na nywele?

Msusi wa Kirumba: Nimeandika njia ya kufanya mwenyewe nyumbani, bure. Mteja ninamvuta vipi kwa hilo? Nilichosema kuhusu utafiti kiko aya ya tatu.

Kaka Nyegezi: Sawa, nimerudi kusoma, samahani. Mimi upara ni wa ukoo: baba, babu. Nijaribu?

Msusi wa Kirumba: Hapo tumeelewana, kaka yangu. Upara wa ukoo unatokana na homoni na urithi, na vidole haviuzuii. Ukikanda utapata utulivu, basi. Muulize daktari kuhusu dawa ya kupaka ya minoksidili, ukijua kwamba ukiiacha faida yake huondoka. Anayeahidi kuotesha upara wako kwa mafuta, usimpe hela yako.

Binti Ukerewe: Dada, nimejifungua miezi mitatu iliyopita. Wakati wa mimba nywele zilijaa, sasa zinatoka mafungu. Kwa nini zisubiri hadi sasa?

Msusi wa Kirumba: Swali zuri sana. Unywele una muda wa kukua na muda wa kupumzika kabla ya kuanguka. Homoni za mimba hurefusha ule wa kukua, ndiyo maana zilijaa. Ukishajifungua nyingi zinaingia mapumzikoni kwa pamoja, na baada ya miezi miwili hadi minne zinaanguka kwa pamoja. Homa kali, malaria kwa mfano, hufanya vivyo hivyo. Kwa kawaida zinarudi zenyewe kabla mtoto hajatimiza mwaka. Kanda taratibu, usisuke kwa kubana, na kula. Ila wewe na wengine, ukiwa mjamzito tena acha kile kituo cha kati ya kidole gumba na cha shahada, Hegu, ambacho wengi huongeza. Wenye tiba hiyo wanawakataza wajawazito.

Binti Ukerewe: Wabeja sana! Dagaa ninao wa kutosha huku.

Msusi wa Kirumba: Kula hao hao, wana protini na madini ya chuma. Kamulia limau kwenye mboga za majani. Chai ya rangi iache saa moja baada ya chakula, inazuia mwili kupokea chuma.

Mama Salome: Mimi zinaisha utosini, ngozi inang'aa na inachoma.

Msusi wa Kirumba: Mama, usikande. Nenda kliniki ya ngozi wiki hii. Kuna upotevu unaoanzia utosini kwa sisi wanawake na kuacha kovu, na kovu likishaingia nywele hazirudi.

Mvuvi wa Igombe: Sisi tunaoshea nywele ziwani, maji yale laini, hayahitaji hata mafuta.

Msusi wa Kirumba: Kichocho, kaka. Kinaingilia kwenye ngozi ukiwa umesimama majini. Chota, weka kwenye ndoo siku mbili yakiwa yamefunikwa, ndipo uoshee nyumbani.