Somo: Namna ya Kusoma Daftari la Mtoto Unapotembelea Darasa Lake

Wazazi wengi wakifika darasani huhesabu alama za vema na za kosa, wakafurahi au wakanuna, kisha wakaaga. Njia ninayoipendekeza ni kumlinganisha mtoto na yeye mwenyewe alivyokuwa mwanzoni mwa muhula.

Hatua ya 1: Maandalizi
Patana na mwalimu siku na saa, umjulishe mtoto mapema, na uzime simu kabla ya kuingia.

Hatua ya 2: Mtoto awe mwenyeji
Mwache achague cha kukuonyesha kwanza, hata kama ni kona ya vitabu au ndoano anapotundika mkoba wake. Akikuonyesha mchoro, usimwulize "Hiki ni nini?", kwa sababu swali hilo humwambia kwamba mchoro haufanani na chochote. Mwombe akusimulie alichokichora.

Hatua ya 3: Daftari
Hapa ndipo pa kukaa. Fungua ukurasa wa kwanza wa muhula, kisha ule wa mwisho ulioandikwa, na utazame jinsi herufi zilivyopungua ukubwa, zinavyokaa kwenye mstari, na kama maneno yameanza kuachiana nafasi.

Baada ya hapo yasome makosa yenyewe. Mtoto aliyeandika "buzi" badala ya "mbuzi", au "numba" badala ya "nyumba", si mzembe. Amelisikiliza neno na kuliandika kwa herufi alizozimudu, ila bado hajazoea kuunganisha herufi mbili za konsonanti mwanzoni mwa silabi. (Ritifaa, yaani kile kialama cha juu katika "ng'ombe", nayo huwaponyoka hata watu wazima, kwa hiyo tusiwe wakali.) Vivyo hivyo, anayeandika 107 anaposomewa "kumi na saba" ameandika alichosikia hasa, yaani kumi, halafu saba, na anachokosa ni maarifa ya nafasi ya tarakimu.

Ukurasa safi wenye vema tupu usikupumbaze, kwani huenda yote yamenakiliwa ubaoni. Mwombe mtoto akusomee sentensi moja. Akiitamka kwa kukariri, gusa neno la katikati umwulize ni lipi. Kwa upande mwingine, karatasi iliyofutwa hadi ikatoboka huweza kuwa dalili ya mtoto anayeogopa kukosea, nami huona hilo linastahili kuzungumzwa na mwalimu kuliko makosa kumi ya tahajia.

Hatua ya 4: Mwalimu
Mwulize swali moja tu: mtoto anaweza nini sasa ambacho hakukiweza muhula ulipoanza? Mambo ya udhaifu yaombee miadi ya pembeni, mtoto asiwepo.

Maswali ya wazazi

Swali: Mwalimu, mwanangu ana miaka mitano na huandika baadhi ya herufi na tarakimu kinyume, kama zinavyoonekana kwenye kioo. Je, nihofu?
Jibu: Hapana, mzazi mwenzangu. Jambo hilo ni la kawaida katika umri huo, na kwa watoto wengi hupungua wenyewe kufikia miaka saba hivi. Likiendelea baada ya hapo, tena akiwa anataabika kusoma, ongea na mwalimu wake.

Swali: Nilipotaka kuondoka mtoto alilia mpaka darasa zima likasimama. Safari ijayo nitoke kimyakimya?
Jibu: Tafadhali usitoroke, maana mara nyingine atakulinda mlangoni badala ya kukuonyesha kazi zake. Mwambie tangu mwanzo kwamba utaondoka mkimaliza kitabu fulani, na ukiweza, omba ziara iwe mwisho wa vipindi ili mrudi nyumbani pamoja.

Swali: Je, ni vibaya kutupia jicho daftari la mwenzake wa jirani, ili nijue wangu yuko wapi?
Jibu: Usilifungue. Daftari hilo lina mwenyewe, nalo halitakueleza mwanao alianzia wapi.

Swali: Kazi yangu hainiruhusu kufika mchana. Nifanyeje?
Jibu: Mwombe mwalimu akuazime daftari kwa usiku mmoja, mfanye hatua ya 3 mezani, mtoto akiwa ndiye anayefungua kurasa.