Kutoa DNA kwenye Ndizi Nyumbani: Mwongozo kwa Mtoto Anayetaka Ushahidi

Likizo ya Desemba iliyopita, mtoto wa dada yangu anayeishi Uyole alikuwa ametoka kugundua kwamba zawadi za Krismasi hununuliwa na wazazi wake, wala haziletwi na Baba Krismasi. Nilipomweleza kwamba karibu kila seli ya mwili wake ina DNA, yaani dutu inayobeba maelekezo ya urithi, aliniuliza, "Mjomba, na hiyo nani ameiona?" Swali hilo ni la haki kabisa, na mtoto anayeliuliza anahitaji kitu cha kukagua kwa macho yake, si maneno mengine ya kukariri. Njia ninayoieleza hapa ndiyo tuliyoifuata, na vifaa vyake vyote vinapatikana Mbeya mjini.

Hatua ya 1: Mwambie ukweli kuhusu Baba Krismasi. Mweleze kwamba hadithi ile ilikua taratibu kutokana na sifa za Nikolao, askofu wa Myra katika karne ya 4, mji uliokuwa katika nchi tunayoiita leo Uturuki, ambaye alikumbukwa kwa ukarimu wake.

Hatua ya 2: Andaa vifaa. Unahitaji nusu ya ndizi kisukari iliyoiva sana, nusu glasi ya maji, nusu kijiko cha chai cha chumvi, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kitambaa safi cha pamba, glasi mbili nyembamba na spiriti (alkoholi isiyo ya kunywa). Ndizi zinazoshushwa soko la Mwanjelwa kutoka Tukuyu zinafaa sana, hasa zile ambazo wanunuzi wengine wanazikataa kwa sababu maganda yameanza madoa, maana tunda likiiva hivyo kuta za seli zake huwa zimekwisha kulegea.

Hatua ya 3: Ponda, changanya, chuja. Ponda ndizi kwa uma ndani ya bakuli. Sishauri kutumia blenda, kwa kuwa ikizunguka kwa muda mrefu hukatakata nyuzi za DNA zikawa fupi mno. Koroga chumvi na sabuni ndani ya maji bila kufanya povu, weka kando vijiko vichache vya mchanganyiko huo, kisha mimina uliobaki juu ya ndizi na ukoroge polepole kwa dakika tano. Wakati huo mweleze mtoto kinachotokea: uma umevunja kuta za seli; sabuni inayeyusha mafuta yaliyojenga utando wa seli na utando wa kiini, mahali ambapo sehemu kubwa ya DNA hukaa; nayo chumvi inapunguza nguvu ya chaji hasi za DNA, ili nyuzi zake ziweze kukaribiana badala ya kusukumana. Chuja kwa kitambaa bila kukikamua, juisi iingie katika glasi moja.

Hatua ya 4: Spiriti. Hapa ndipo watu wengi hukwama na kudhani kwamba ndizi haikuwa nzuri, kumbe tatizo liko kwenye chupa. DNA huyeyuka katika maji lakini haiyeyuki katika alkoholi, kwa hiyo alkoholi ikiwa dhaifu, nyuzi zitakuwa chache au hazitaonekana kabisa. Soma lebo kabla ya kulipa: asilimia 90 na zaidi ndiyo nzuri, ukipata ya asilimia 70 tu, tumia kiasi mara mbili ya juisi yako na usubiri kwa muda mrefu zaidi. Usinunue spiriti yenye rangi, kwa sababu itaficha kile unachotaka kukiona, na usitumie kitakasa mikono cha jeli.

Spiriti inapaswa kuwa baridi sana. Iache kwenye friza usiku kucha, bila hofu kwamba itaganda. Umeme ukikatika, zungushia chupa barafu iliyopondwa na kuchanganywa na chumvi nyingi, maana baridi ya usiku wa Mbeya peke yake haitoshi. Baridi hiyo hupunguza kasi ya vimeng'enya vinavyovunja DNA. Jambo la kuzingatia kuliko yote ni kwamba mvuke wa spiriti hushika moto upesi. Kwa hiyo kazi hii isifanyike kamwe katika chumba chenye jiko la mkaa linalowaka, hata kama jioni ina baridi kali, na chupa ishikwe na mtu mzima peke yake.

Inamisha glasi yenye juisi, kisha mimina spiriti taratibu sana ikitiririka ukutani mwa glasi, ili ielee juu kama tabaka la pekee. Ukiimwaga kwa haraka, vimiminika vitachanganyika na itakubidi uanze upya. Usitikise. Baada ya dakika tano hadi kumi utaona utando mweupe na nyuzi zikipanda kutoka mpakani, ambazo unaweza kuzizungushia kwenye kijiti.

Hatua ya 5: Jaribio la kulinganisha. Miongozo mingi huiacha hatua hii, ilhali kwangu ndiyo inayolijibu swali la mtoto. Katika glasi ya pili weka ule mchanganyiko wa maji, chumvi na sabuni usio na ndizi, kisha mimina spiriti vilevile. Nyuzi zisipotokea humo, mtoto atajua kwamba hazikutoka kwenye sabuni. Mwambie pia kwamba alichokishika si DNA tupu, kwa kuwa kimechanganyika na protini na pektini ya tunda, na kwamba umbo la DNA, linalofanana na ngazi iliyosokotwa, halionekani hapo. Mwanasayansi wa Uswisi, Friedrich Miescher, aliitenga dutu hii mwaka 1869 kutoka katika seli nyeupe za usaha uliokuwa kwenye bendeji, lakini umbo lake lilielezwa mwaka 1953 na wanasayansi Watson na Crick, wakitegemea pia picha za eksirei zilizotoka katika maabara ya Rosalind Franklin.

Hatua ya 6: Hifadhi. Nyuzi zinaweza kukaa katika kichupa chenye spiriti kilichofungwa vizuri, mbali na moto, kikiwa na maandishi makubwa yanayosema kwamba si cha kunywa.