Kabla hujapanda Irente, soma hapa kwanza

Jamani mnaotoka Tanga mjini kwenda Irente, ule mwamba wa kutazamia bonde karibu na Lushoto, milima ya Usambara, cha kwanza kabisa ni sweta. Sisi wa pwani tumezoea joto la Raskazone, mtu anapanda basi na tisheti tu halafu akishuka Lushoto jioni anaanza kutetemeka, kule ni kama mita 1,400 juu na baridi ya mwezi wa sita mpaka wa nane si ya mchezo. Kuanzia Mombo kupandisha Soni kona haziishi, kama huchelewi kutapika beba ndimu ya kunusa na usishibe sana Korogwe.

Viatu viwe raba zenye meno. Mi nilienda mwezi wa nne na sendozi, masika imechanganya, ule udongo mwekundu ukilowa ni sabuni kabisa, nimeanguka mara tatu na kufika juu bonde lenyewe sikuliona, ukungu mtupu. Kwa hiyo kama unafuata maua ngoja masika iishe, ardhi bado ina unyevu na kingo za njia zimechanua. Asubuhi ukikuta ukungu usikate tamaa ukarudi, kaa utulie, mara nyingi jua likipanda unafunguka wenyewe na hapo ndo unaiona Mazinde iko chini kabisa, mashamba ya mkonge yamenyooka mistari, halafu nyika ya Wamasai mpaka macho yachoke. Ila ule mwamba uko wazi, watoto washikwe mkono na selfi za kurudi kinyumenyume acheni.

Na naomba sana, maua msichume. Lile dogo la zambarau linalokaa kivulini kwenye mawe yenye unyevu ndani ya msitu, Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani hapa Tanga, alilipeleka kwao 1892, leo linauzwa kwenye vyungu dunia nzima kwa jina la Saintpaulia, wakati huku kwetu msitu ukikatwa na lenyewe linakwenda. Ukiliona piga picha, liache.

Lushoto mjini mpaka juu ni kama kilomita 6, mi nashauri mtembee, maji lita moja na nusu kila mtu, hela taslimu za noti ndogondogo, na kijana mwenyeji wa kuwaongoza. Mkitaka kuona jua likizama, boda wa kurudi mpangeni kabla hamjapanda, giza la kule linaingia ghafla.