Jinsi ya kuishika mkono ofisi ya afya inayoanza Viwango vya FDA vya usalama wa chakula

Wenzangu mnaokagua migahawa katika kaunti za Marekani, nimetoka kuishika mkono ofisi ndogo iliyojiunga na Viwango hivi vya FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani. Viko 9, ni vya hiari, na NACCHO, chama cha kitaifa cha maafisa wa afya wa kaunti na miji, kimekuwa kikiziunganisha ofisi zenye uzoefu na zile zinazoanza.

Hatua ya 1: Wajiunge. Fomu ni fupi.

Hatua ya 2: Piga simu. Zungumza na wakaguzi wenyewe, si mkuu wao peke yake.

Hatua ya 3: Tathmini binafsi. Wana miezi 12 tangu kujiunga, na kazi yote imelala hapa. Ofisi mpya hujibu "ndiyo" karibu kila swali, kwa kuwa kazi kweli inafanyika. Lakini Kiwango kinadai ushahidi ulioandikwa, na mhakiki wa nje atataka kuuona. Chukua Kiwango cha 2, cha mafunzo ya wakaguzi: mkaguzi mpya afanye kaguzi zisizopungua 25 akiwa na mkufunzi, kisha 25 peke yake. Watakwambia, "Sote tulipitia hayo." Sawa, karatasi ziko wapi? Wapekue faili za utumishi, kalenda za zamani, hata masanduku ya stoo. Zisipopatikana, jibu ni "hapana". Usikubali kabisa mtu aketi leo kuandika kumbukumbu za mafunzo ya miaka iliyopita. Hiyo "hapana" ina faida: ndiyo hoja ya kumpelekea mkuu anapoombwa muda au bajeti ya mafunzo.

Tumieni jedwali moja la Excel: kipengele, ushahidi, faili ilipo, anayehusika. Ushahidi uliotawanyika kwenye barua pepe hupotea mtu akihama. Na wewe usiwajazie, hata wakichelewa. Ukishaondoka, hakuna atakayeweza kuutetea.

Hatua ya 4: Wachague Kiwango kimoja. Mimi hupendekeza cha 7, uhusiano na wafanyabiashara na jamii, kwani mikutano na wenye migahawa mara nyingi ipo tayari. Wahifadhi tu ajenda na kumbukumbu. Cha 9 kisubiri, kinahitaji utafiti wa vihatarishi vya magonjwa ya chakula.

Hatua ya 5: Watembelee, mwingie jikoni pamoja. Tazama kama mkaguzi anachomeka kipimajoto ndani ya chakula chenyewe au anasoma namba ya mlangoni mwa friji. Kikomo cha chakula baridi ni 5°C, na friji yaweza kusoma 4 huku kuku aliyerundikwa juu akiwa na 9. Mkitoka hapo, kubalianeni tarehe ya simu inayofuata.