Jinsi ya kuchambua mwitikio wa umma kwa video ya wimbo yenye siasa

Mtu anayetaka kueleza jinsi video ya wimbo wa kisiasa ilivyopokewa mara nyingi huanzia pabaya. Hufungua sehemu ya maoni, huchagua maoni machache ya kusifu na machache ya kulaani, kisha huandika kwamba umma umegawanyika. Kauli hiyo ni kweli kwa karibu kila video iliyowahi kuzua mjadala, na kwa sababu hiyo haimwelezi msomaji lolote kuhusu video hii moja. Mwongozo huu ni kwa mwandishi wa habari chipukizi, mwanafunzi anayeandaa utafiti wa chuo, au mtangazaji anayetaka kuendesha kipindi kizito kuhusu jambo hili. Mfano wangu mkuu ni "This Is America" ya Childish Gambino, jina la muziki la Donald Glover, mwigizaji na mwanamuziki wa Marekani, iliyoachiwa tarehe 5 Mei 2018, kwa sababu watu waliijibu kwa njia nyingi mno na njia hizo bado zinaweza kufuatiliwa.

Kabla ya kusoma neno lolote la mtu mwingine, itazame video mara mbili ukiwa na karatasi: mara ya kwanza bila sauti, mara ya pili ukiwa na sauti. Andika unachokiona tu, wala usiandike maana yake. Katika video hiyo, iliyoongozwa na Hiro Murai ndani ya ghala kubwa, utaandika kwamba mwanamume ameketi kitini akipiga gitaa. Kwamba msanii, akiwa kifua wazi, anamsogelea akicheza, anapinda mwili wake na kumpiga risasi kichwani kwa nyuma. Kwamba bastola inapokewa kwa uangalifu kwenye kitambaa chekundu ilhali mwili unaburutwa sakafuni. Utaandika kwamba baadaye waimbaji 10 wa kwaya wanapigwa risasi za bunduki, kwamba watoto waliovaa sare za shule wanacheza kwa furaha huku nyuma yao watu wakikimbia, na kwamba farasi mweupe anapita na mpanda farasi wake pasipo mtu kumtazama. Utaandika pia ukimya wa takribani sekunde 17, na mwisho msanii akikimbia gizani huku akifukuzwa.

Orodha hiyo ndiyo itakayokusaidia kutenganisha kilichoonyeshwa na kilichosomwa ndani yake. Watazamaji wengi walisema kwaya ile ni kumbukumbu ya waumini weusi waliouawa kanisani Charleston, South Carolina, mwezi Juni 2015, na kwamba ukimya ule unahesabu watu 17 waliouawa katika shule ya Parkland, Florida, tarehe 14 Februari 2018. Tafsiri zote mbili zina nguvu, lakini waliouawa Charleston walikuwa 9 na kwaya ina watu 10, na video yenyewe haitaji mahali popote. Mchambuzi makini haandiki kwamba video "inaonyesha Charleston". Anaandika kwamba watazamaji waliiona Charleston ndani yake, kisha anauliza kwa nini waliiona kwa haraka namna ile. Hilo ndilo swali lenye faida, kwa kuwa jibu lake linahusu kumbukumbu na majeraha ya watu wenyewe, na mwitikio wa umma, kabla ya kuwa hukumu juu ya msanii, ni ushahidi wa kile ambacho umma tayari ulikuwa umekibeba moyoni.

Kutoka hapo, andaa kalenda, na usiiandae kwa miaka bali kwa siku na wiki. Anza miezi mitatu kabla ya video kutoka. Kwa mfano wetu utaweka mauaji ya Parkland, kisha maandamano makubwa ya wanafunzi dhidi ya silaha yaliyofanyika Washington na miji mingine tarehe 24 Machi 2018, kisha siku za mwisho za Aprili ambapo rapa mweusi Kanye West alijitokeza hadharani na kofia nyekundu ya wafuasi wa Donald Trump, na tarehe 1 Mei aliposema kwamba utumwa wa Waafrika Marekani ulionekana kuwa jambo la hiari. Video ya Gambino ilitoka siku nne baada ya kauli hiyo, usiku uleule aliokuwa mwendeshaji wa Saturday Night Live, kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Marekani. Ukiisoma kalenda hiyo kwa utulivu utaelewa kwa nini watu wengi waliipokea video kama jibu kwa Kanye, ingawa kutengeneza kazi ya namna ile huchukua muda mrefu kuliko siku nne. Umma haukukosea kuhisi hivyo. Ulikuwa unatafuta msanii mweusi mkubwa wa kusema jambo jingine, na video ikafika wakati hamu hiyo ikiwa juu kabisa.

Kuhusu takwimu sitasema mengi. Wimbo uliingia moja kwa moja nafasi ya kwanza ya chati ya Billboard Hot 100, na mwezi Februari 2019 ulipata tuzo nne za Grammy, ikiwamo ya rekodi bora ya mwaka. Taarifa hizo zinathibitisha kwamba watu waliutafuta na kwamba tasnia iliuheshimu. Hazithibitishi kwamba waliutazama kwa kukubaliana nao, kwani aliyekasirika naye hubonyeza na kuhesabiwa.

Kazi ngumu zaidi, na ambayo ningependa uipe muda mrefu kuliko nyingine, ni kuwapanga wanaojibu. Usiwapange kwa waliopenda na waliochukia. Wapange kwa uhusiano wao na kitu kilichoonyeshwa. Mama aliyempoteza mtoto kwa risasi na kijana anayependa mdundo wanaweza kuandika neno lilelile, "inatisha", na kila mmoja akamaanisha jambo lake. Miongoni mwa Wamarekani weusi wenyewe walikuwapo walioona kwamba hatimaye mtu ameionyesha hali yao bila kuipamba, na walikuwapo walioumia kwa kuona miili ya watu weusi ikiangushwa tena mbele ya kamera, safari hii kwa ajili ya burudani. Hoja hii ya pili si ya mtu asiyeelewa sanaa, na ninasikitika kila ninapoona uchambuzi unaoipitia kwa sentensi moja kana kwamba ni malalamiko ya pembeni. Anayesema hivyo ameielewa video vizuri kabisa, na anachouliza ni nani anayelipa gharama ya kuelimishwa kwa wengine.

Kisha kuna watazamaji walio nje ya nchi husika, ambao wachambuzi wengi huwasahau. Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya wazi ya kutowasahau, kwa sababu aliyetunga miondoko ya dansi katika video hii ni Sherrie Silver, mzaliwa wa Rwanda aliyekulia Uingereza, na kazi hiyo ilishinda tuzo ya MTV ya utunzi wa dansi mwaka 2018. Kati ya miondoko inayochezwa na wale watoto wa shule imo gwara gwara ya Afrika Kusini. Mtazamaji wa Kigali au wa Johannesburg aliitambua dansi kabla hajaitambua bunduki, na fahari yake ikaja mbele ya huzuni. Ukiwa unakusanya maoni kwa Kiswahili, weka mafungu mawili tangu mwanzo: wanaozungumzia Marekani, na wanaojiona wenyewe ndani ya picha. Usiyachanganye, kwa sababu fungu la pili ndilo linalozaa kazi mpya.

Mfano wa kuzaa kazi mpya ni Nigeria. Mwishoni mwa mwezi huohuo wa Mei 2018, mwanamuziki Falz, mtoto wa mwanasheria Femi Falana, aliachia "This Is Nigeria", akitumia umbo lilelile kuzungumzia ufisadi, polisi na mauaji ya nchi yake. Shirika la kutetea haki za Waislamu, MURIC, lilidai video iondolewe na msanii aombe radhi kwa sababu wasichana waliovaa hijabu walionyeshwa wakicheza. Falz alieleza kwamba wasichana hao waliwakilisha wanafunzi waliotekwa Chibok mwaka 2014. Hapa utaona faida ya ile orodha yako ya kwanza: pande zote mbili zinakubaliana juu ya kinachoonekana, yaani hijabu na dansi, na ugomvi wote umo katika nani ana haki ya kukifanya kielelezo. Ripoti itakayosema tu kwamba Waislamu walikasirika itakuwa imewakosea Waislamu wa Nigeria ambao hawakukasirika, na pia itakuwa imeikosea hoja ya waliokasirika.

Majibu ya mamlaka yaweke kwenye daftari lake la pekee. Raia akisema wimbo ni mbaya, ametoa maoni. Chombo cha serikali kikisema hivyo, redio huacha kuupiga. Kwa hiyo, kila tamko la mamlaka liandike pamoja na athari yake na tarehe yake, kwa sababu matamko hayo yanaweza kupingana ndani ya siku moja. Watanzania wanakumbuka mwezi Machi 2017, wakati Nay wa Mitego alipokamatwa Morogoro kwa wimbo wake "Wapo", uliokosoa utawala, na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, likaufungia. Kisha waziri mwenye dhamana, Harrison Mwakyembe, akatangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda wimbo huo, ameagiza msanii aachiwe, na anashauri auboreshe kwa kuongeza maovu mengine ya jamii. Mwandishi aliyeandika asubuhi kwamba serikali imekasirika, na yule aliyeandika jioni kwamba serikali imefurahi, wote walikuwa na kweli nusu. Jambo la kuchambua pale ni kwamba ruhusa ya kukosoa ilitoka kwa mkosolewa, na wasanii wengine walijifunza nini kutokana na hilo.

Yapo pia majibu yanayotangulia video yenyewe. Mwanzoni mwa mwaka 2003 Madonna alirekodi video ya "American Life" chini ya mwongozaji Jonas Åkerlund, ikiwa na jukwaa la maonyesho ya mavazi lililojaa sare za kivita na mtu aliyefanana na Rais George W. Bush. Vita vya Iraq vilianza tarehe 20 Machi, na kabla mwezi Aprili haujaanza vizuri Madonna aliiondoa, akieleza kwamba anawaheshimu wanajeshi na hataki kumuumiza mtu atakayeielewa vibaya. Badala yake ilitoka nyingine, akiimba mbele ya bendera za mataifa. Ukichambua tukio la namna hiyo, chanzo chako kikuu si watazamaji wa video, bali ni hofu iliyokuwapo hewani: wasanii waliokuwa wameadhibiwa wiki chache nyuma kwa kusema neno dhidi ya vita, na vituo vya redio vilivyoacha kupiga nyimbo zao.

Usipuuze majibu yasiyo na maneno. Siku chache baada ya "This Is America" kutoka, watu waliondoa sauti yake na kuweka wimbo mtamu wa mapenzi wa Carly Rae Jepsen, na miguu ya wachezaji ikaenda sawasawa na mdundo. Wengi walicheka, na wengine walisema kwamba kifo kimegeuzwa mzaha. Nadhani waliolalamika walikuwa na haki, lakini kichekesho kile kinapaswa kuingia kwenye uchambuzi, kwa kuwa kilitenda jambo lilelile ambalo video ilikuwa ikilionyesha: macho yakifuata dansi huku mwili ukiburutwa nyuma.

Msanii mwenyewe muulize, ila usimpe neno la mwisho. Glover alipoulizwa maana ya video mwaka 2018 alikataa kuifafanua, akisema si nafasi yake. Mwaka 2023, akizungumza na jarida la GQ, alieleza kwamba wimbo ulianza kama kijembe kwa rapa Drake, kabla haujawa ulivyokuja kuwa. Wapo walioipokea habari hiyo kana kwamba miaka mitano ya tafsiri imefutika. Haikufutika. Mwezi Juni 2020, baada ya George Floyd, Mmarekani mweusi, kuuawa na polisi Minneapolis, vijana waliokuwa kwenye maandamano waliweka wimbo huo juu ya picha zao wenyewe za mabomu ya machozi na kuzituma kwenye TikTok, na hawakuwa wakimfikiria Drake.

Kwa sababu hiyo, panga tarehe mbili za kukusanya maoni: wiki mbili za mwanzo, na tena baada ya angalau mwaka mmoja. Katika mkusanyo wa kwanza usinakili majina ya watu wa kawaida, hata kama akaunti zao ziko wazi, hasa katika nchi ambako kusifu wimbo kunaweza kumfikisha mtu polisi. Andika mji, umri kama ameutaja, na maneno yake kamili katika lugha aliyoyaandika. Katika mkusanyo wa pili tafuta video ileile ilipopachikwa juu ya tukio jipya, na uandike ni sehemu gani iliyokatwa na ni ipi iliyobakizwa.