Fungua kesi kabla ya kununua kadi ya michoro
Ukichukua desktopu ya mtumba ya ofisi pale Luthuli au Moi Avenue, Nairobi, ili uigeuze ya gemu, mwombe muuzaji aifungue kwanza. Tafuta waya wa pini 6 unaotoka kwenye pawasaplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kesi); ndio huipa kadi umeme wa ziada. Nyingi hazina. Basi chagua kadi inayotegemea umeme wa sloti pekee (tundu refu la mazabodi inapochomekwa kadi), yaani wati 75: GTX 1050 Ti au GTX 1650 isiyo na tundu la waya. Ikague kwa macho, maana kuna 1650 zenye tundu hilo. Kesi ikiwa nyembamba, utahitaji kadi ya kimo kifupi pamoja na kibati chake kifupi, kile cha chuma kinachoishikilia nyuma ya kesi. Bila kibati hicho kesi haifungi.

Kadi ya RX 6400 nayo hula umeme kidogo, ila hutumia njia 4 tu za PCIe (njia za data kati ya kadi na mazabodi), kwa hiyo kwenye mazabodi ya zamani ya PCIe 3.0 hupoteza kasi. Usitegemee kubadilisha pawasaplai baadaye: Dell na HP nyingi za ofisi zina plagi za aina yake, na pawasaplai ya kawaida ya madukani (ATX) haiingii.

Ramu, nunua vipande 2 vya GB 8, si kimoja cha 16. Prosesa huvisoma vyote kwa pamoja.